Mistari Mitatu ya Dadu katika Programu ya Tawla

CHAMA CHA PROGRAMU HURIA YA TAWLA, ALEXANDRIA
Kikao cha Alhamisi, 14 Novemba 2024, mkahawa wa Anfushi, chumba cha juu

Waliohudhuria: Hajj Lutfi Shalabi (Mwenyekiti), Mhandisi Ragai Butros (aliyeiandika programu, 1999), Bi Nihal Abdelsamad (mchangiaji, mwalimu wa hisabati, Damanhur), Wagdi Habashi (Katibu).
Asiyehudhuria: Dkt. Samir Zaghlul (jino).

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:15 alasiri, baada ya kumaliza mchezo wa tawla, ule wa ubao, kete na dadu mbili, uliokuwa mezani.

KUMB. NA. 2/2024: MABADILIKO YA BI NIHAL
Katibu alikumbusha kwamba programu ya chama, inayocheza tawla na mtu, haifunguki tena kwenye kompyuta mpya. Imebaki kwenye kompyuta moja ya mkahawa, nayo imeanza kujizima.

Bi Nihal alieleza kwamba ametumia miezi minne kurekebisha msimbo na sasa programu inafunguka kokote. Aliomba mabadiliko yake yapokelewe.

Mwenyekiti alipinga. Alieleza kwamba amekuwa akiishinda programu hiyo mchezoni kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini toleo la Bi Nihal limemfunga mara tisa mfululizo. "Umeniharibia dadu, mwanangu," alisema.

Bi Nihal alijibu kwamba alichofuta ni mistari mitatu tu ya msimbo: mchezaji akipoteza michezo miwili mfululizo, programu inampa sita mbili, bahati kubwa kuliko zote ya dadu. Aliongeza kwamba hatairudisha, na kama kazi yake itakataliwa ataacha kuchangia.

Katibu aliuliza nani aliandika mistari hiyo. Mhandisi Ragai alikiri kuwa ni yeye.

"Mwaka ule nilipoiandika, mkeo alikuwa amefariki, Hajj," alisema. "Ulikuwa ukifungwa mchezo, hatukuoni wiki nzima. Nilitaka urudi kesho yake."

"Miaka yote hii, Ragai?"

"Nilisahau kuifuta."

Mwenyekiti alisema kwamba mtu anayekumbuka bei ya chai ya mwaka 1980 hasahau kitu. Kisha akamuuliza Bi Nihal kama kuna mchezo hata mmoja ambao yeye Mwenyekiti aliwahi kuushinda kihalali. Bi Nihal, ambaye alikuwa amepitia rekodi zote za michezo zilizomo kwenye programu, alijibu kwamba ipo michezo 1,904 aliyoshinda bila kupewa kitu. Mwenyekiti aliagiza idadi hiyo iandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/2024: UAMUZI
Kwa hoja ya Mwenyekiti, mabadiliko yalipokelewa bila kupingwa. Bi Nihal alipewa ruhusa ya kuingiza mabadiliko mengine bila kungoja kikao.

KUMB. NA. 4/2024: KUFUNGA
Katibu alifunga kikao saa 11:20 jioni, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kucheza na toleo jipya. Matokeo: programu 3, Mwenyekiti 0. Mhandisi Ragai alimuuliza kama kesho atakuja.

"Mara tu baada ya swala ya Ijumaa," alijibu, akatia saini bila kuinua macho.

L. Shalabi, Mwenyekiti
W. Habashi, Katibu