Mahindi Yangu, Maharage Yako

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila goti langu. Najua nawe hujambo, maana kila asubuhi nauona moshi wa jiko lako, na jana nilikusikia ukimfokea mbuzi. Fundi baiskeli amekubali kukuletea barua hii, ingawa ameniuliza kwa nini nisikuite tu kutoka mlangoni.

Nijibu kweli. Siku tuliyogawana shamba la baba ulisema mbele ya watu kwamba nimechukua nusu nzuri, ya juu, na toka siku hiyo hatusemezani. Basi mbona hiyo nusu nzuri inaninyima? Misimu mitatu mfululizo mahindi yangu yametoka na majani ya njano. Samadi nimetia, magugu nimeng'oa. Yakikataa tena, wanangu watakula nini? Kama kuna mkono wa mtu, sema.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na goti. Yule mbuzi alikula shuka langu.

Mkono wa mtu! Mimi nilikuwa natafuta karatasi nikuulize wewe hilo hilo. Maharage yangu yanaota vizuri, kisha yananyauka. Ukiyang'oa, mizizi imeoza. Sasa sielewi kitu. Kama ya juu mbaya na ya chini mbaya, hiyo nusu nzuri tuliyogombania iko wapi?

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimemwita bwana shamba, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema mahindi yamekula chakula kile kile pale pale mpaka kikaisha, na maharage yako yamefuga ugonjwa wao udongoni. Dawa ni kubadilisha mazao. Nikamwambia ndivyo baba alivyotufanyia kila msimu: mimi na mahindi yangu chini, wewe na maharage yako juu, kisha tunageuzana. Akaniuliza, "Kwa nini mhame nyinyi? Si kila mtu angebaki kwake, akabadilisha mbegu?"

Kweli, kwa nini? Baba hakuwa mjinga, lakini alituvusha lile tuta la katikati na majembe yetu miaka yote kwa jambo la kumalizwa na debe la mbegu. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye jioni. Alikwambia? Mvua inakaribia, nami sijui nipande nini wapi.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Moshi nauona, jibu silioni.

Nimekumbuka kitu. Msimu ukiisha baba alikuwa ananikuta nafunga kazi, ananionyesha nilipolima ovyo, ananiambia, "Rudia pale, mwenzio anakuja." Nilikuwa nakasirika. Tangu tugombane sijarudia popote, kwa kuwa hakuna anayekuja. Sijui kama ndilo jibu. Nimelia kidogo, usimwambie fundi.

Kesho nahamia chini na mbegu zangu. Ukinifukuza, nifukuze kwa mdomo wako.

Dada yako

3 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandika nimekaa kizingitini kwako, fundi anangoja akuletee. Sikujibu kwa sababu baba hakuniambia lolote, nikaona haya. Jioni zile tulikuwa tukikusema wewe tu.

Nimekuja na maharage, nikakuta mlango umefungwa. Nikatazama chini, nakuona umeinama shambani kwangu, na hilo goti lako. Au ni kwako? Sijui tena niseme vipi.

Naanza kupanda huku juu. Nikifika kwenye tuta nitakuita. Uitike.

Mdogo wako