Ndui ya Kunde

Kijijini Midia, Jumatano. Mvua ya usiku imekatika alfajiri. Majani yanachuruzika maji, nami nimekwisha kukasirika kabla ya chai.

Madoa kwenye kunde zangu yameongezeka. Ni ya mviringo, katikati kijivu, ukingoni mekundu kama kutu. Yalianza kwenye majani ya chini, yale yanayorushiwa tope na mvua, sasa yanapanda. Nimegeuza jani baada ya jani, sikuona mdudu. Huu ni ukungu, nao hupenda maji na huenea kwa mikono iliyolowa.

Mama Zaituni, jirani yangu, anasema ni ndui. Leo alitoka kuchuma katika kunde zake, zilizojaa madoa, akaingia katika zangu mikono ikimtiririka maji. Majani mabovu aliyatupa palepale shinani, eti yarutubishe udongo. Nilimwomba asubiri jua likaushe shamba. Alicheka.

"Mwalimu, hata mtoto anapata ndui na anapona. Majani itapona."

Hayaponi.

Ningemfukuza mtu mwingine yeyote. Lakini huku kwetu jirani hakatazwi mboga, na tuliporudi kutoka uhamishoni Sudani, ni yeye aliyenigawia mbegu hizi. Zake sasa zimeugua zote. Mstari wangu wa mwisho, ule niliouacha ukomae kwa mbegu, bado ni safi. Ukiambukizwa, msimu ujao hatuna cha kupanda, mimi wala yeye.

Adhuhuri, majani yakiwa makavu, nilichuma fungu zuri nikampelekea nyumbani, ili asiwe na haja ya kuingia shambani. Hakulipokea.

"Sasa mimi iko mgeni, ya kuletewa mboga kwa mlango?"

Nilirudi nalo. Limenyauka hapa mezani ninapoandika.

Alasiri niling'oa miche iliyoshikwa na ugonjwa, nikaokota majani yaliyoanguka, nikayachoma kando ya njia. Upepo ukaupeleka moshi wote kwake. Bila shaka anaamini naona heri kuchoma mboga kuliko kumpa.

Nimechoka kuwa sahihi peke yangu.

Lakini jioni hii nimejiuliza kwa nini nilibishana naye. Ndui anaijua. Alipokuwa msichana, mwenye ndui alijengewa kibanda chake, na aliyemuuguza hakuingia nyumba nyingine.

Basi iwe ndui. Kesho, jua likishakausha majani, nitakwenda kwake mikono mitupu, nimwambie mbegu alizonipa, zile za mstari safi, zina mgonjwa jirani. Tutachuma kwangu kwanza, kwake mwisho.

Aone mwenyewe nani wa kutengwa.