Tisini na Tisa kwa Sifuri

Alhamisi, 9 Juni
Jina langu limetoka kwenye bahati nasibu ya miswada, nafasi ya mbunge kuleta sheria yake mwenyewe! Wabunge mia nne na ushee tuliandikisha majina, yakavutwa ishirini. Mimi wa tatu! Mwaka wangu wa kwanza hapa Westminster!

Nimempigia Bi Hoskin wa jimboni kwangu papo hapo. Binti yake Tamsin, miaka minne, alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya sita, akafa. Nyumba ya kupanga, dirisha halina kizuizi. Nilimwahidi sheria: kila mwenye nyumba aweke vizuizi. Alilia tu kwenye simu.

Jumatano, 29 Juni
Muswada umesomwa mara ya kwanza. Kusomwa gani! Nimempa karani karatasi yenye jina la muswada tu, ndani nyeupe pe. Akasoma jina, basi. Na hotuba yangu ilikuwa mfukoni! Dilys, mbunge ninayeketi kando yake, miaka ishirini bungeni, alicheka mpaka akakohoa. Vita ni kusomwa mara ya pili, mwanangu, akasema. Tena siku ya Ijumaa, wenzetu wote wakiwa majimboni.

Alhamisi, 27 Oktoba
Kesho ndiyo kesho. Bwana Lathbury, mbunge mwenye nyumba kumi na moja za kupangisha, ataongea mpaka saa nane na nusu, Bunge lifungwe, muswada ufe. Dawa yake ni kura ya kumkatiza. Lakini kura za ndiyo zifike mia. Sikio linauma kwa simu — nimepata mia na wawili, nami nikiwemo! Gareth, mmoja wao, ameomba udhuru, mbwa wake anapasuliwa. Nimemwambia nenda tu, nina akiba.

Ijumaa, 28 Oktoba
Naandika chooni.

Lathbury aliongea saa mbili nzima — mapazia ya bibi yake! Saa nane kasorobo nikaomba kura. Spika akataka wahesabu wawili kila upande; kwao Lathbury na mwenzake. Dilys alikuwa nje akikusanya watu kantini. Nikaruka: mimi na Cuthbert! Cuthbert naye mgeni kama mimi. Tukasimama mlangoni tukihesabu wanaopita. Nilijiona, jamani.

Ndiyo tisini na tisa. Hapana sifuri. Nikataka kushangilia. Spika akasema mia hazikutimia. Lathbury akasimama, akaendelea na mapazia yake mpaka saa ikafika.

Wahesabu hawahesabiwi! Hakuna aliyeniambia! Dilys ameshika kichwa: "Ulisema watu wametosha, mwanangu. Nikajua unajua."

Muswada umekufa. Nimeuua mimi, kwa mdomo wangu, kwa ajili ya mbwa.

Bi Hoskin alikuwa juu kwenye roshani ya wageni. Aliposikia hesabu tu akakimbia nje. Ujumbe wake huu hapa: "Tisini na tisa kwa sifuri! Hakuna hata mmoja aliyekataa! Nishamwambia bibi yake Tamsin. Uko wapi, Mheshimiwa, nikukumbatie?"

Simu inatetemeka tena. Namsikia kwenye korido, anamwuliza mfagiaji kama nimepita hapa. Mfagiaji anamwambia nimo humu ndani —