Bamba Lisiloshika Kutu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi ya kukata masikio. Mlima sijauona tangu Alhamisi. Na kazini kuna jambo silipendi hata kidogo.

Niandike polepole, maana hapa pekee ndipo ninaposema yote. Wanajeshi wanatafuta dawa ya kupaka ndani ya tumbo la ndege zao kubwa, zile za kubeba watu na malori, ili kutu isije ikazila mahali ambapo jicho halifiki. Wametuletea mikebe minne. Haina majina, namba tu. Kila dawa tumeipaka kwenye mabamba matano ya alumini, halafu tukaongeza mabamba matano matupu ya kulinganishia. Yote yananing'inia ndani ya kabati la chumvi kwa safu tano, kila safu bamba moja la kila dawa na moja tupu, yakipuliziwa mvuke wa maji ya chumvi usiku na mchana. Kila Jumatatu tunayatoa, tunayasuuza, tunapiga picha, tunayarudisha. Ngatia, mwenzangu wa maabara, ni mrefu, hutundika safu nne za juu. Safu ya tano, ya chini, ni yangu mimi mfupi, magoti kwenye simiti.

Dawa Namba 3 ni takataka. Wiki ya tatu tu na mabamba yake manne yamejaa unga mweupe na vishimo. Lakini bamba lake la tano linang'aa! Kwa nini hilo moja? Ngatia alilitazama, akasema ati labda lilipakwa dawa nzito kidogo. Labda! Mtu wa maabara miaka kumi na mmoja anasema labda.

Kuna mtu anaisaidia Namba 3.


Jumanne, 5 Agosti

Funguo za kabati ni mbili. Moja yangu, moja ya Ngatia. Sihitaji chuo kikuu kupiga hesabu hiyo.

Jioni kabla ya kutoka nilipaka unga wa ugali kidogo sana kwenye mkono wa kabati. Asubuhi ndiyo tutajuana.


Jumatano, 6 Agosti

Unga haukuguswa. Lakini Ngatia alifika kabla yangu, na huyo si mjinga. Anaweza kuwa aliuona akaurudishia.

Saa nne, jikoni, nilimkuta na Wamae, yule ajenti anayeuzia magereji rangi na vilainishi. Anafanya nini hapa, au Namba 3 ni yake? Nilipoingia wakahamia Kikuyu. Wanasahau kwamba Kimeru changu si mbali na chao, nusu nilishika. Ilikuwa habari ya ng'ombe anayekataa kushika mimba. Ng'ombe! Watu wazima wawili wananong'ona juu ya ng'ombe?

Baadaye Ngatia akanifuata hadi kwenye sinki. “Karambu, wewe huvai glavu siku hizi. Iko shida gani?” Nikamwambia zinaniwasha. Ni kweli, hizi za bei rahisi zinanitoa vipele hadi kwenye kiwiko. “Basi mwambie Kingori anunue zingine. Hiyo kazi haitaki mikono.”

Kwa nini anajali mikono yangu hivyo? Mwenye kitu cha kuficha huwa na maneno mengi ya kushauri.


Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia mkubwa.

Kingori alisikiliza kalamu ikiwa mdomoni. Nilimwonyesha picha za bamba la tano, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikataja funguo. Nikamtaja Wamae. Ya ng'ombe niliiacha. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndege ikichanika tumbo huko juu, watakaokuwa ndani ni watoto wa watu. Akasema ati jina langu halitatoka kwenye ofisi hiyo.

Nilitoka nikiwa mwepesi. Nimeshuka mjini nikajinunulia chapati mbili na maharagwe.


Jumatatu, 11 Agosti

Ngatia ameambiwa akae nyumbani hadi wiki ijayo, Jumatatu, kamati imsikilize. Ikimwona na hatia hatapewa kandarasi nyingine hapa, na nani mwingine Nyeri hii ana kabati la chumvi? Hakupiga kelele. Alikunja koti lake jeupe, akaniachia ufunguo, akanieleza kipimo cha maji ya kabati ingawa nakijua.

Mwizi akishikwa pia huwa mpole.

Mabamba nimeyasuuza na kuyatundika peke yangu, safu zote tano, nimesimama kwenye kiti. Kingori anataka nimwekee tayari mabamba yote kwa ajili ya kamati, na niandike taarifa.


Jumatano, 13 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Leo nimetoa mabamba yote, nikayapanga mezani. Hata yale matupu, ambayo huwa hatuyaangalii sana kwa sababu kazi yao inajulikana, ni kuoza. Manne yameoza vizuri. La tano linang'aa.

Bamba TUPU. Halina dawa. Nani angelisaidia bamba tupu? Ajenti gani duniani anauza kitu kisichokuwepo?

Nikakaa. Nikayatazama yale mawili, la Namba 3 na hili, yote ya safu ya chini. Mng'ao una umbo. Michirizi minne upande mmoja, doa pana upande wa pili. Nikaweka vidole vyangu juu yake, hivihivi tu, kama mtu anayelishika.

Vilitoshea.

Na kila asubuhi tangu Juni, kabla sijatoka nyumbani, najipaka mikono mafuta ya kukamulia ng'ombe. Nani hapa hajipaki? Baridi hii na maji ya chumvi vinapasua ngozi hadi damu. Mama alitupaka hayo kabla ya shule, uso na magoti, tukaenda tukimetameta. Ni mafuta mazito ambayo hayaondoki kwa kusuuza. Hata hiyo mikebe ya wanajeshi, ukiifungua, ndani ni kitu kama hicho hicho.

Hapana. Lazima kuna sababu nyingine.

Nimekata vipande viwili vya alumini. Kimoja nimekishika kwa kibano tu. Cha pili nimekishika kwa mikono yangu kama ilivyo, nikakifuta vumbi kwa kiganja kama ninavyofanya siku zote. Nimevitundika vyote. Nitavitoa Jumatatu.


Ijumaa, 15 Agosti

Sikufungua kabati.

Ngatia ametuma ujumbe. Nilidhani anatafuta kunitega, nikausoma mara tatu. Anauliza tu kama nimekumbuka kusafisha ule mdomo wa kupulizia, maana ukiziba jaribio lote linaharibika. Sikumjibu.

Nina aibu. Nimeandika, basi.


Jumatatu, 18 Agosti

Nilifika saa moja kasoro. Kipande cha kibano kimejaa vishimo. Kile cha mikono yangu kinang'aa, hadi alama ya kidole gumba inaonekana.

Kwa hiyo ni mimi. Ni mimi tangu wiki ya kwanza.

Nikisema, wiki tano zimekwenda na maji. Wanajeshi watauliza ni nani aliyeshika mabamba bila glavu, na kandarasi yangu inaisha Septemba. Nisiposema — hakuna atakayejua. Namba 3 itaanguka kwa vyovyote, ndege hazitapata madhara. Atakayeumia ni Ngatia tu.

Kamati ni saa nne. Taarifa yangu iko hapa mezani, imechapwa, haijatiwa sahihi. Vipande viwili viko kwenye mfuko wa koti.

Saa tatu na nusu. Nimesikia sauti yake kwenye korido, anasalimia kila mtu kana kwamba ametoka likizo. Anauliza niko wapi.

Kingori amefungua mlango sasa hivi, amefunga, amenong'ona. Ngatia amekubaliwa kuleta shahidi mmoja wa kumtetea. Ameandika jina langu. Amewaambia ati “Muulizeni Karambu. Huyo ndiye anajua vile mimi hufanya kazi. Huyo hawezi danganya.” Kingori anataka nikatae, ananikonyeza kama mtu wa njama moja na mimi.

Nimemwambia anipe dakika mbili, ametoka. Zimekwisha. Anagonga mlango, na nyuma yake namsikia Ngatia akisema pole pole, ati wasinisukume, ninakuja. Taarifa naiacha hapa mezani bila sahihi, vipande naenda navyo.