Mto Uliopinda Mshono

Kwako Dada,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo kabla ya yote, maana nakujua: ukiifungua barua hii utaangalia kwanza kama nimekuamkia, ndipo usome mengine. U hali gani huko? Magoti yanasemaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanashtaki, au amejirekebisha? Sisi huku hatujambo. Linalotutesa ni joto tu. Jua la kiangazi mwaka huu limekuja kama mgeni asiyejua kuaga, hata kivulini unatoka jasho. Lakini afya tunayo, na mimi leo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nitakueleza sababu, ila niache nianze mwanzo, kwa kuwa wewe ukisikia nusu ya jambo unaimalizia mwenyewe.

Wifi yako, muuguzi wangu, nilimwoa akiwa na binti wa miaka tisa. Hukuwahi kumwona kwa sababu magoti yalikuzuia kuja harusini. Mtaa mzima unamwita Chiriku, na jina limemkaa sawasawa: anaongea na muuza duka, anaongea na paka, anaongea na ndoo inapojaa maji. Kwangu mimi tu ndiko alikokuwa bubu. Asubuhi shikamoo, nikimpa kitu ahsante, basi, mlango umefungwa. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na shangazi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa akikaa na mtoto wakati wifi yako yuko kazini. Shangazi huyo si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alichosema ni kwamba mtoto ni damu yao, kwake nafasi ipo, na hajui baba wa kambo anaweza kumpa nini mtoto wa kike.

Wifi yako akajibu kwamba mtoto si kiwanja, hagawanywi. Akaamua hivi: likizo hii ndefu binti atakaa na sisi, na shule zikikaribia kufunguliwa shangazi atakuja, kisha mtoto aseme kwa mdomo wake anataka kuishi wapi. Hakuna kumbembeleza wala kumhonga kwa peremende. Mimi nikasema sawa. Mdomo ulisema sawa, ila moyo haukusema hivyo, kwa sababu nilikwisha kumpenda. Nilimpenda tangu siku aliponikuta napima kochi la mteja, akashika ncha ya futi bila kuambiwa na hakuiachia mpaka nilipomaliza.

Sasa ikawa kwamba paa la karakana yangu linabadilishwa bati, kwa hiyo kiangazi chote kazi nimeifanyia nyumbani, barazani. Makochi ya watu yamejaa mpaka mlangoni. Ukitaka kuingia ndani unapita ubavu ubavu. Wifi yako akienda zamu tunabaki wawili, mimi na nyundo yangu, Chiriku na ukimya wake. Siku moja akasimama kwenye gunia langu la mabaki, lile la vipande vya kitambaa, vifungo na sponji, akawa analitazama kama mtu anayetazama dirisha la duka. Nikamwambia achukue anachotaka, hata gunia lenyewe. Akachukua soksi yangu iliyotoboka! Sijui ilifikaje humo. Akaijaza pamba, akaishonea vifungo viwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo, ikawa mwanasesere mwenye macho ya mtu aliyeamshwa vibaya. Nilicheka, naye akacheka. Huo ndio ukawa mwanzo.

Kuanzia hapo baraza ikageuka kiwanda. Tulichana magazeti, tukayaloweka kwenye gundi ya unga wa ngano, tukayabandika juu ya bakuli lililopakwa mafuta na kuyaanika juani. Yakikauka unalichomoa bakuli lako na umepata jingine. Tulikata maboksi tukatengeneza vipepeo vya kujipepea, kila mmoja na rangi yake. Tulitoboa vifuniko vya soda tukavitunga kwenye uzi na kuvining'iniza dirishani, upepo ukipita vinalia kwa sauti nyembamba. Upepo wenyewe ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo Chiriku alikuwa anavipuliza kwa mdomo. Watoto wa majirani nao wakaja. Jirani yangu fundi redio akanitania kwamba nimeshindwa ufundi nimefungua chekechea, halafu akaleta wanawe wawili na kuwaacha mpaka jioni. Na mtoto akaanza kuniongelesha, Dada. Kwanza kuhusu mkasi, kisha kuhusu gundi, kisha kuhusu kila kitu. Nilikuwa napiga misumari huku nasikiliza, na nilijiambia kimoyomoyo kwamba mambo yamenyooka.

Basi, mtu akijisifu kuwa mambo yamenyooka, ajue anaelekea kwenye kona. Chiriku aliamua kumshonea mama yake mto wa kuegemeza mgongo akitoka kazini. Aliufanyia kazi kwa sindano ya mkono, ulimi nje, jasho likimtiririka puani, na hakutaka msaada. Ulipoisha, mshono ulikuwa unapanda na kushuka, pembe moja imenenepa, nyingine imekonda. Akauweka juu ya kochi, akaenda na mama yake sokoni. Na mimi nikabaki na ule mto.

Dada, wewe ndiye uliyeniita Rula nilipokuwa mdogo, kwa sababu nilikuwa siwezi kulala kabla sijazipanga kandambili za nyumba nzima mlangoni. Ugonjwa ule haujapona. Nilijaribu kuendelea na kazi, jicho likawa linarudi palepale penye ule mshono. Mwishowe nikauchukua, nikaufumua wote, nikapima pembe, nikaupitisha kwenye cherehani na kuutia na utepe pembeni. Ukatoka mto ambao ungeweza kukaa kwenye duka lolote. Nilidhani nimempa zawadi. Nilikaa pale nangoja arudi, natabasamu peke yangu kama mjinga.

Alirudi, akauona. Akaushika, akaugeuza upande huu na upande ule, akiutafuta ule wake. Halafu akasema ahsante, ahsante ile ile ya zamani, akaingia ndani. Kesho yake hakuja barazani, wala kesho kutwa. Watoto wa majirani walimwita, akajibu dirishani kwamba anasoma. Vifuniko vya soda vilikaa kimya, hakuna wa kuvipuliza.

Wifi yako aliniweka chini. Nilijitetea kwamba samaki mkunje angali mbichi. Akaniambia samaki haulizwi anataka kuishi kwa nani, huyu ataulizwa. Kisha akanipa lile ambalo alikuwa ananificha: mtoto amezungumza na shangazi yake kwenye simu, naye alimsikia kwa masikio yake akimwambia kwamba huku hata kitu ulichotengeneza mwenyewe, ukigeuka nyuma kinafanywa upya. Shangazi akamjibu kwamba kitanda chake kimetandikwa, yeye tu. Maneno yale yalinichoma, Dada. Nilijiuliza mtoto anaponitazama anamwona nani. Mimi fundi aliyenifunza alikuwa akiichukua kazi yangu na kuifumua mbele yangu bila neno, nami nikakua nikidhani huko ndiko kupendwa. Baba wa kunionyesha vingine sikuwa naye. Nilikuwa na wewe, na wewe ulikuwa na kazi ya kutulisha.

Nilijaribu kurekebisha. Usicheke: nilifumua mshono wangu nikataka kuushona upya kwa kupinda kama alivyokuwa ameupindisha yeye. Nilishindwa! Mkono ulikataa, kila nikiupinda, unanyooka. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nikajikaza kisabuni, nikaenda mpaka mlangoni pake, nikachuchumaa ili tulingane, nikamwomba msamaha. Nilimwambia kwamba mto ulikuwa wake na haukuwa na kosa, kosa lilikuwa la macho yangu. Nikamwachia pale ule mto ukiwa wazi, na sindano na uzi juu yake. Aliuchukua, akafunga mlango. Lakini baada ya siku kadhaa alitoka, akakaa kwenye ngazi kwa mbali, akaanza kuutia uzi. Sikumsogelea. Nilishona kochi langu nikitazama ukutani, na shingo iliniuma kwa kujizuia kugeuka. Alipomaliza akampa mama yake. Umepinda kuliko wa kwanza, na wifi yako hauweki mgongoni bila kuusifu.

Aliendelea kutoka, ila maneno hayakurudi kama zamani, na siku za likizo zilikuwa zinakatika. Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nilikata tamaa. Niliona mtoto anakwenda zake, na sina haki ya kumzuia. Kwa hiyo wakati wao hawapo nikachukua kitambaa changu kizuri kuliko vyote, kile kizito cha kijani nilichokuwa namwekea mteja wa maana, nikamshonea mkoba wa safari. Nilitia mishono miwili kila mahali, na kamba pana zisimkate bega. Nilisema akienda, angalau nguo zake zibebwe na kitu cha mkono wangu. Nilishona huku machozi yananitoka, na nikashukuru kwamba fundi redio siku hiyo alikuwa hayupo, maana angenitangaza mtaani.

Shangazi alikuja jana asubuhi, amependeza, amembebea mtoto viatu vya shule. Tulimkaribisha, akakaa kwenye kochi la mteja, akamwita Chiriku na kumuuliza kwa upole kama yuko tayari. Mtoto akanitazama. Mimi, kwa kudhani namrahisishia, nikaenda nikauleta ule mkoba nikamkabidhi. Alinitazama, akautazama mkoba, akaupokea akaingia nao ndani. Tulimsikia akifungua makabati. Wifi yako akanigeukia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena, akaninong'oneza kuuliza nimefanya nini. Niliangalia sakafu.

Chiriku akatoka mkoba umejaa. Nilisimama nimsaidie kuubeba, nikashangaa, haukuwa na uzito wowote. Akauweka mapajani mwa shangazi yake, akaufungua mwenyewe. Ndani hamkuwa na nguo hata moja. Kulikuwa na mabakuli ya magazeti, vipepeo vya boksi, vile vifuniko vya soda na uzi wake. Akamwambia shangazi vyote ni zawadi yake, avipeleke nyumbani kwake apate kumkumbuka. Shangazi akauliza, na mkoba je? Chiriku akasema, "Na mkoba beba, shangazi. Mimi sina safari."

Shangazi alilia kidogo, akacheka, akamvalisha vile viatu kuona kama vinamtosha. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kujifanya natafuta nyundo, huku nyundo ninayo mkononi. Sijapumua vile, Dada, tangu kiangazi kianze.

Basi salamu zangu nakatia hapa. Nisalimie shemeji, nisalimie watoto, na magoti yako uyape pole. Chiriku ameuliza naandika kwa nani, nikamwambia kwa dada yangu. Akafikiri, akasema kama ni dada yangu basi kwake ni shangazi, na akataka kujua vipimo vya mgongo wako ili akushonee mto. Vipimo utume haraka. Utakaokujia utakuwa umepinda, na mimi sitaugusa.

Akupendaye daima,
Mdogo wako, fundi wa makochi