Siku Baba Atakapoingia Majini

Dukani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko na baridi yenu? Wifi hajambo? Wanangu wameacha kukohoa? Sisi huku ni wazima. Mama mgongo umempa nafuu kidogo na Baba bega limepona, habari ambayo nitairudia huko chini kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi.

Ujumbe wako niliusoma kwanza nikiwa nakwangua nta ya zamani kwenye ubao wa mteja wa kupandia mawimbi. Nikanawa, nikausoma tena, nikaona ni uleule: unakuja mwezi ujao na wenzako wa kazini, mafundi wa lifti kama wewe, na hawajawahi kupanda wimbi hata moja. Unataka nikueleze hali ya bahari na mambo ambayo mgeni anatakiwa kuyajua. Haya, nitakueleza, ila usidhani nacheka ninapoandika. Tangu habari ya kuja kwako itue hapa, hakuna anayeniuliza mimi hali. Majirani, wateja, hata yule mwokoaji wetu tunayemwita Kipenga, wote ni hilo jina lako la utani tu: "Kambare anafika lini? Kambare atakaa sana?" Nimegeuka kuwa kalenda yako.

Tuanze na bahari. Waambie wenzako kwamba mawimbi yetu yanavunjika juu ya mchanga, si juu ya mwamba, kwa hiyo anayeanguka hula mchanga tu. Ubaya ni kwamba mchanga hauna makazi. Lile fungu lako la mchanga la mbele ya ngazi, ulikokuwa unajionyesha watu wamekaa wakikushangilia, halipo tena. Dhoruba za mwaka jana zimelisomba. Sasa pale ni kina kitupu, wimbi linapita bila hata kusalimia. Nilipoona hivyo nilifurahi, Kaka, sikufichi. Nilifurahi hadi nikaimba.

Fungu jipya liko mbele ya mabafu ya umma, na aliyeligundua ni mimi. Niliyafuata maji kila yalipokupwa, natembea na fimbo napima kina, mpaka nikalijua lilivyolala. Nikapeleka wanafunzi wangu, wakasimama karibu wote. Basi Kipenga akaja, akatazama, akapuliza ile filimbi yake, akasema, "Hapa tutapaita Kwa Kambare." Kwa nani? Wewe hata hujapaona! Lakini jina limeshika, na sasa wageni wananiomba mimi niwapeleke Kwa Kambare.

Wakati mzuri ni maji yakiwa nusu na yanapanda. Yakijaa sana, wimbi linanona tu halivunjiki, mpaka lifike ukingoni kwenye vifundo vya miguu. Yakipwa sana linavunjika lote kwa mpigo mmoja, na mwanafunzi anajikuta kichwa chini. Mwamke mapema, upepo ukiwa bado unatoka nchi kavu, maana huo ndio unaolishikilia wimbi lisimame vizuri. Adhuhuri upepo unageuka, bahari inavurugika, na hapo ni heri mkalale.

Upande wa ukuta wa mawe kuna mkondo unaorudi baharini. Wewe unaujua, wao hawaujui. Maji ya pale yanaonekana yametulia, na mgeni hudhani ndipo penye usalama. Ukimchukua mtu asishindane nao. Aung'ang'anie ubao wake, apige makasia kwa mikono kwenda pembeni, kule kwenye povu, na mawimbi yatamrudisha. Akichoka ainue mkono, Kipenga atamfuata. Halafu wakiwa wanaingia majini waburute miguu, wasiinyanyue, kwa sababu siku hizi samaki taa wanajilaza mchangani na mwiba wao haubembelezi mtu.

Malazi wachukue kwa Mama Mdogo, vile vyumba vya juu ya cherehani zake. Ni visafi na dirisha moja linaona bahari. Ila wajikung'ute mchanga mlangoni, akiukuta kitandani atawatoa wao na mashuka. Mbao za kujifunzia ninazo, zile ndefu na laini. Na zamu ziheshimiwe: aliyekaa kule nje akingoja, karibu na kilele cha wimbi, ndiye mwenye wimbi, wengine wampishe. Hilo unalijua, Baba alitufundisha kabla hata hatujajua kuogelea.

Wewe mwenyewe usisahau nta, maana bila nta miguu haishiki ubaoni. Hujawahi kufika majini na nta hata siku moja. Unashuka kwa mbwembwe na ubao kwapani, unafika ukingoni, unapapasa mfuko, halafu unarudi mbio dukani huku kila mtu anakungoja.

Sasa bega la Baba. Unakumbuka kwamba alianguka kutoka paa la duka mwaka uleule zamu yangu ya kuanza ilipofika, na tangu hapo hajaingia majini. Na nyumba hii unaijua. Mtoto hahesabiwi kuwa ameingia baharini mpaka Baba amsukume mwenyewe. Anasimama maji ya kifua, anashika mkia wa ubao, anachagua wimbi, anasukuma na kupiga kelele, "Simama!" Wewe alikusukuma. Binamu zetu waliokuja likizo tu, wanaoogopa hata beseni, nao aliwasukuma. Mimi alinitazama kutoka dukani, mkono umefungwa shingoni, ukanisukuma wewe, tena huku unacheka. Nakushukuru, lakini haikuwa sawa.

Wiki hii daktari wa mifupa amemruhusu kuingia majini tena, mwisho kifuani. Alikaa na habari hiyo mpaka tulipokuwa mezani, ndipo akatangaza: "Nitaingia siku mwanangu akija. Na wageni wake nitawasukuma wote." Mwanangu! Na mimi nilikuwa nimesimama palepale na sahani mkononi, sijui nilikuwa wa nani.

Kesho yake nikajitia utani, nikamwambia na mimi anisukume. Akacheka mpaka akalishika bega. "Wewe? Mwalimu mzima! Nikusukume uende wapi tena?" Nikacheka naye. Kisha nikaenda nyuma ya mbao nikalia, na Mama aliponiuliza nikasingizia vumbi la msasa.

Nakuonea wivu, Kaka. Nimejaribu kutafuta neno zuri zaidi, nimelikosa. Ubao wako uko juu ya mlango wa duka na Baba anaupangusa kwa kitambaa chake mwenyewe. Wangu uko nyuma ya mlango huohuo, pamoja na ufagio. Wewe umeondoka ukabaki kuwa mtoto, mimi nimebaki nikawa fundi, mwalimu na ufunguo wa duka. Kutwa nawapigia watoto wa watu kelele, "Simama! Simama!" na mimi mwenyewe Baba hajanipigia hata moja. Najua naweza kusimama bila kusukumwa. Sitaki kujifunza. Nataka kusukumwa.

Kwa hiyo nakuomba jambo, na usimwambie mtu. Baba akiambiwa atanisukuma kwa huruma, na huruma yake siitaki. Nataka anisukume kwa ile tabia yake. Akishasimama kwenye maji ya kifua hana subira ya kungoja mtu, atashika mkia wa ubao wowote ulio karibu. Nitahakikisha wa karibu ni wangu. Wenzako nitakuwa nimewaacha mchangani, wamelala kifudifudi, wanafanya mazoezi ya kuinuka, na mafundi wa lifti sidhani kama watamaliza upesi. Anayebaki ni wewe tu.

Ukifika ukingoni, papasa mfuko kama kawaida yako, urudi dukani kufuata nta. Mzee ataguna, atakutukana kidogo, ataingia. Nta nitaiweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya makopo ya gundi, uitafute taratibu. Nikishapata wimbi langu moja, mengine yote ni yako, na hilo fungu liitwe jina lako mpaka bahari ikauke.

Msalimie sana wifi, na wanangu wabusu kila shavu. Mama anakusalimu na kuuliza kama bado unalala bila soksi. Mama Mdogo na Kipenga wanakusalimu. Baba hakutuma salamu, anasema atakupa mwenyewe mkononi.

Mungu akulinde huko angani, akufikishe salama pamoja na wageni wako, na siku hiyo ya kwanza akusahaulishe nta.

Akupendaye, kinyongo na vyote,
Mdogo wako wa dukani.