Kahawa ya Mama

Zakiya, nimejiumbua mbele ya watu.

Tulikuwa Bawshar nyumbani kwa Bi Zuwena, sie wa kikundi cha kusoma vitabu, tunazungumzia ile riwaya ya mwanamke wa kusini mwa Marekani. Humo mama mtu kafa, lakini kila asubuhi yumo jikoni anamgombeza bintiye, na hakuna anayeshtuka.

Wenzangu wakacheka, "Uchawi mtupu!"

Nikasema uchawi gani? Mie marehemu mama nnamfukizia ubani chumbani kwake kila Alkhamis, na kahawa nnamtilia.

Nimesema hivyo, Zakiya. Kahawa nnamtilia!

Bi Zuwena akaniuliza taratibu, "Na yeye anakujibu?"

Nikasema hajibu.

"Basi ndiyo maana kitabu hichi umekipenda."

Sijalia. Nimekaa tu garini, hata injini sijawasha.

Na leo Alkhamis.